Tekno ya Berlin ilianzia kwenye majengo yasiyo na mwenyewe
Wanaosema tekno, muziki wa dansi wa mashine za elektroniki, uliiunganisha Berlin wanasahau hati za majengo. Ukuta ulioigawa Berlin ulipofunguka tarehe 9 Novemba 1989, upande wa Mashariki ulijaa maghala na viwanda vitupu vyenye umiliki wa vurugu: baadhi viliporwa na Wanazi, vikaja kuwa mali ya dola ya kikomunisti. Haikujulikana nani wa kuruhusu wala wa kukataa, na vijana wa pande zote mbili wakaingia.

Tresor, klabu ya tekno, ilifunguliwa Machi 1991 katika chumba cha kuhifadhia fedha, chini ya lililokuwa duka kubwa la Wertheim. Nondo na visanduku vya chuma vyenye kutu viliachwa vilevile, na mimi naona huo ulikuwa uamuzi bora kuliko pambo lolote.

Ila chumba cha namna hiyo kinataka ujuzi. Zege tupu na dari fupi hurudisha sauti, besi inarundikana pembeni. Mtikisiko ukipanda mezani, sindano ya santuri huunasa tena na spika zinavuma. Weka mashine ya santuri juu ya bamba zito lililokalia sponji, na spika zisiguse meza. Mvuke wa jasho hugusa dari baridi ukadondoka, kwa hiyo amplifaya zifunikwe kwa juu bila kuziba matundu ya hewa. Jenereta ikae nje kabisa: moshi wake chini ya ardhi unaua.

Santuri zenyewe? Nyingi zilitoka Detroit, Marekani. Toleo la kwanza la lebo ya Tresor, yaani kampuni yake ya kutoa santuri, 1991, lilikuwa la X-101, mradi wa Underground Resistance, kundi la tekno la Detroit.