Kuchagua padi za ngoma kwa studio ya nyumbani Goma

Padi ya ngoma ni kifaa chenye vitufe vya mpira unavyogonga ili kupiga ngoma kwenye kompyuta. Anza na umeme. Unapokatika, padi inayotumia USB ya laptopu inaendelea kufanya kazi. Yenye adapta yake inazimika. Akai MPD218 ni ya USB: padi 16, benki (seti za kubadilisha) 3, jumla nafasi 48. Haina sauti ndani yake, inatuma MIDI tu, yaani ishara zinazoiambia kompyuta sauti gani ilie na kwa nguvu gani.

Dukani, gonga kila padi taratibu, kisha kwa nguvu, ukitazama namba ya nguvu ya pigo kwenye programu ya muziki. Ipande polepole hadi 127, kikomo chake. Ikirukia 100 moja kwa moja, iache, hata kwa bei nzuri: hai-hati (matoazi ya kufunga na kufungua) zote zitalia sawa na sebene, sehemu ya kuchezea ya rumba, itakosa uhai. Padi ya jirani ikionyesha pigo bila kuguswa, iache pia.

Sauti ikichelewa, mara nyingi ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa. Ishushe kutoka 512 hadi 128. Ikikwaruza, rudi 256.