Yuma kwenye vilima saba

Jumapili ya katikati ya Novemba, saa nne asubuhi. Treni ya Utrecht kwenda Nijmegen imejaa mpaka mlango wa choo, na behewa zima linanuka dawa ya kuchua na ndizi mbivu. Ukitaka kujua nani anakwenda kukimbia na nani anakwenda kumsalimia bibi yake, tazama miguu: kuna viatu vya rangi ya kuumiza macho, halafu kuna viatu vya watu wenye akili zao. Mzee aliyeketi mbele yangu, si chini ya miaka sabini, alitoa pini nne kwenye kikopo kidogo akaanza kujibandika namba kifuani, taratibu, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo kama fundi anayeshona kifungo. Alipomaliza alinitazama usoni, akashuka mpaka viatuni, akarudi usoni.

"Kenia?" akauliza.

"Tanzania," nikamjibu. "Jirani."

Akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba nimethibitisha alichokijua. Akaniuliza naanzia mbele kabisa, siyo? Nikamwonyesha rangi ya namba yangu, ambayo ni ya kundi la karibu na mwisho. Akacheka sana. Alidhani natania.

Hili limenizoea sasa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Makorora, bahari unaifikia kwa miguu. Huko kwetu sikuwahi kukimbia isipokuwa kengele ya shule imeshapigwa. Nilianza mbio nikiwa na miaka thelathini na minane, hapahapa Uholanzi, baada ya daktari kutazama presha yangu na kuniuliza kama nina baiskeli au naiangalia tu. Lakini ukiwa Mwafrika mwembamba mwenye kaptula kwenye mstari wa kuanzia, hakuna anayetaka kusikia habari za Makorora. Wanakupisha. Kuna mama mmoja aliwahi kumvuta mwanawe pembeni ili nisimkanyage nikianza kupaa.

Na siwezi kuwalaumu. Kila mwaka nakimbia mbio tatu majira haya, na zote tatu zimepitiwa na kijana mmoja wa Kenya, Leonard Komon. Septemba 2010, Utrecht, alikimbia kilomita 10 kwa dakika 26 na sekunde 44, rekodi ya dunia. Miezi miwili baadaye alikuja Nijmegen, kilomita 15 kwa dakika 41 na sekunde 13, rekodi nyingine. Mwaka uliofuata akashinda ile ya Amsterdam hadi Zaandam, maili kumi, kwa 44:27. Kisha 2018 akatokea Joshua Cheptegei wa Uganda, Nijmegen hiyohiyo, akaishusha rekodi ya kilomita 15 hadi 41:05. Watu wa huku wakiona ngozi kama yangu barabarani, hicho ndicho wanachokumbuka.

Halafu kuna jina. Naitwa Juma. Mama anasema nilizaliwa Ijumaa, marehemu baba alikuwa akisema ni kwa ajili ya Juma Ikangaa, yule aliyeshika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 mpaka 1990, na katikati yake akaenda kushinda New York 1989. Tarehe za baba hazikubaliani na cheti changu cha kuzaliwa, lakini hilo tuliache. Waholanzi herufi J wanaisoma Y. Jina likiandikwa kwenye namba, watazamaji wote njia nzima wananipigia kelele: "Kom op, Yuma!" Yaani jitahidi. Ila sikio langu, hasa likishachoka, linasikia "nyuma". Nyuma! Nyuma! Kilomita kumi na tano.

Msimu wangu huanza Septemba. Kwa Kiswahili cha vitabu majira haya tunayaita vuli, na kila nikisema neno hilo naona halikai sawa, maana vuli ya Tanga ni mvua inayogonga mabati kuanzia Oktoba na watu kukimbilia kupanda mahindi. Vuli ya huku ni majani kukauka na kupukutika, na giza linalokuibia dakika chache kila jioni mpaka unajikuta unatoka kazini usiku.

Ya kwanza ni Dam tot Damloop, ya tangu 1985, kutoka Amsterdam hadi Zaandam. Mwaka huu niliiharibu mwenyewe. Jumamosi yake rafiki yangu wa Almere alikuwa na akika ya mtoto. Pilau ya mbuzi, kachumbari, sambusa, na wale shangazi wanaokutazama sahani: "Baba Salma, mbona hujala?" Nilikula kama mtu aliyeambiwa kesho pilau inafutwa na serikali.

Kesho yake, mara baada ya kuanza, barabara inazama. Unaingia kwenye njia ya magari iliyochimbwa chini ya maji ya IJ, iliyofunguliwa 1968, ambayo siku nyingine huruhusiwi hata kuitazama kwa miguu. Ndani kuna joto la pumzi za watu, taa za njano, na ngoma. Sijui nani aliyewaza kuweka wapiga ngoma chini ya ardhi, lakini kifua kinatetemeka. Watu wanapiga mayowe kusikia mwangwi, na nyayo za maelfu zinavuma kama mvua ya kweli, ile ya kwetu. Saa yangu ya mkononi ikapoteza setilaiti. Tulipopanda kutoka upande wa pili ikashtuka, ikajumlisha hesabu zake upya, ikanitangazia kwamba ninakimbia kilomita moja kwa dakika mbili na sekunde arobaini. Kwa muda mfupi sana nilikuwa Komon.

Pilau ilikumbuka nilipo kwenye kilomita ya tisa. Huko Amsterdam Kaskazini wenyeji hutoa viti na makochi nje, wanafungulia muziki, watoto wananyoosha viganja uvipige, na kuna bwana mmoja alikuwa anachoma soseji kwenye jiko la mkaa ukingoni kabisa mwa barabara. Moshi ule. Nilitembea, nikasimama, nikatafuta choo, na habari ya choo naomba iishie hapo. Zaandam niliingia kwa saa moja na dakika arobaini na kitu, nikavishwa medali.

Jioni nilimpigia mama.

"Umekuwa wa ngapi?"

Nikamweleza kwamba hizi si mbio za namna hiyo, mama, watu wanakimbia kwa afya.

"Na kiingilio unalipa?"

"Nalipa."

Akanyamaza kidogo. "Haya mwanangu. Pumzika, kesho kazi."

Singelloop ya Utrecht sina mengi ya kusema, niko nyumbani, natoka mlangoni nimeshavaa. Ndiyo mbio ya barabarani kongwe kuliko zote nchini, ilianza 1924, na inafuata mifereji inayozunguka mji wa kale. Kipande cha mfereji huo, Catharijnesingel, kilikuwa kimegeuzwa barabara kubwa ya magari, mpaka 2020 walipomaliza kuyarudisha maji. Mwaka huu mvua ilinyesha usiku kucha, na majani yaliyolowa juu ya matofali yanateleza kama ganda la embe. Dakika hamsini na nne, magoti mazima. Ndiyo hivyo.

Turudi kwenye treni. Karibu na Nijmegen unavuka mto Waal, mpana, wa kijivu, na behewa zima likanyamaza kuutazama. Kituoni tulishuka kama maji ya bomba lililopasuka. Baridi ilikuwa nyuzi tano. Nilivaa juu ya fulana yangu koti la mtumba nililonunua kwa yuro tatu, kwa sababu ya kulitupa: ndivyo wanavyofanya huku, unasubiri umejifunika, mlio wa bunduki ya kuanzia ukikaribia unavua na kuning'iniza kwenye uzio, na nguo hizo hukusanywa. Nililiangalia koti langu mara ya mwisho. Si ajabu likaingizwa kwenye belo, na siku moja nikiwa likizo nikalikuta limetundikwa soko la Karume, Dar, kwa shilingi elfu kumi na tano, na mwenye duka anaapa ni "grade one".

Mbio hii inaitwa Zevenheuvelenloop, mbio ya vilima saba. Mtu wa Lushoto akiletwa atauliza vilima viko wapi. Lakini Uholanzi ni nchi ambayo ukipanda daraja la baiskeli unabadilisha gia, kwa hiyo vilima hivi wanavitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Hadi Groesbeek barabara inapita msituni, inapanda bila kukuambia. Nilikwenda vizuri. Vizuri mno. Hewa baridi ina udanganyifu wake kwa mtu wa pwani: hutoki jasho, basi unadhani hujachoka.

Baada ya Groesbeek unakunja, na barabara ya vilima saba inaonekana yote mbele yako. Inashuka, inapanda, inashuka, inapanda, na kwenye kila mpando vichwa vya watu vinacheza kama maharage yanayochemka. Hapo nilitazama saa: dakika arobaini na moja. Cheptegei angekuwa ameshafika, ameshafunikwa blanketi, anahojiwa. Mimi nusu ya njia sijaifika.

Kwenye barabara hiyo kuna makaburi ya wanajeshi wa Kanada, zaidi ya elfu mbili, wengi waliouawa mwanzoni mwa 1945 katika vita vya kuvuka kwenda Ujerumani, ambayo mpaka wake uko palepale nyuma ya mashamba. Niliwahi kuingia kwa baiskeli siku moja ya kiangazi. Mawe meupe yamechongwa jani la mti wao, chini yake umri: kumi na tisa, ishirini na mmoja, kumi na tisa. Siku ya mbio huoni kitu isipokuwa mgongo wa aliye mbele yako. Ila nilijua tunapita wapi, na nikaacha kulalamika moyoni kuhusu paja la kushoto kwa muda wa kama mita mia mbili. Kisha nikaendelea kulalamika.

Kilima kile kirefu ndipo nilipomsikia. Kwanza pumzi, kama mvukuto wa mhunzi, halafu nyayo fupifupi zisizo na haraka. Yule mzee wa treni. Miguu yake myembamba, mishipa nje, kaptula ya zamani iliyopasuliwa pembeni. Aliponifikia aligeuza kichwa, akanitambua, na uso wake ukawa na huzuni ya kweli, kama mtu aliyekuta duka la miaka yote limefungwa.

"Kom op, Kenia!" akasema, akanigonga begani, akaenda.

Nilijaribu kumfuata mpaka kwenye mti wa pili.

Cha kushukuru, kilomita za mwisho karibu zote ni za kushuka kurudi mjini. Huko hata gunia la viazi lingekimbia. Bendi ya matarumbeta kwenye kona, watoto wenye kofia za sikukuu ya Sinterklaas wakigawa biskuti ndogo za viungo, ambazo huwezi kuzitafuna ukiwa unahema, nami nilijaribu, nikakohoa vumbi la mdalasini hadi bango la kilomita ya kumi na nne. "Yuma! Yuma!" Saa moja, dakika ishirini na tatu, sekunde arobaini.

Kituoni nilikuta kichekesho. Ngazi za kwenda majukwaani zimejaa watu wanaoshuka kinyumenyume, wameshika reli kwa mikono miwili, mapaja yamegoma. Watu wa benki, walimu, akina mama wa makamo, wote kinyumenyume. Nikageuka nami.

Mama alipokea simu akiwa barazani. Tanga ilikuwa inakaribia magharibi, nasikia sufuria na kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuwa wa ngapi?"

Safari hii nilikuwa nimeangalia kwenye simu. "Wa elfu tisa na kitu, mama."

Kimya. Nikasikia anaweka chini kitu, pengine ungo.

"Nyuma yako je? Kulikuwa na watu?"

"Walikuwepo. Maelfu."

"Maelfu? Wazungu?"

"Wengi wao, mama."

Hakuniaga. Nilisikia tu simu ikiondoka sikioni na sauti yake ikivuka ua kwa jirani: "Mama Zuhura! Eee, Mama Zuhura! Juma kawaacha Wazungu maelfu huko!"