Uso wa mlinzi, Manzese

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha uhariri wa filamu katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, na kila nilipofika kwa yule mwongozaji filamu Mrusi, Lev Kuleshov, wanafunzi walianza kupiga miayo. Habari yenyewe mnaijua. Miaka ya kuelekea 1920 na kidogo, Kuleshov alichukua shoti ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mkavu usiosema lolote, akaiunga na sahani ya supu, halafu na maiti, halafu na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, majonzi na tamaa, kumbe uso ni uleule. Mkanda ulishapotea. Tunachofundisha ni masimulizi, na mimi sina raha kufundisha muujiza uliobaki bila ushahidi. Isitoshe, mwaka 1992 Stephen Prince na Wayne Hensley waliurudia mtihani huo Marekani, wakawaonyesha wanafunzi wa chuo, na wengi wao hawakuona kitu usoni.

Basi muhula ule nikasema, na sisi turudie.

Uso tuliupata getini. Mlinzi wa zamu ya mchana, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mnataka nini na makamera yenu?”

Tukamweleza kwamba tunamhitaji akae tu, asiigize, asifanye chochote.

“Chochote kabisa?” Akacheka. “Hiyo naiweza. Ndiyo kazi yangu.”

Tulimrekodi ndani ya kibanda chake, chini ya taa ya tyubu. Kijana wa kamera alikuwa ameweka shata 1/60, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, na michirizi ya giza ikawa inapanda taratibu kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa humetameta kwa kufuata mwendo huo, na 1/60 haioani nao. Aliposhusha shata hadi 1/50 michirizi ikatulia, na darasa zima lililokuwa limebanana nyuma ya kile kiskrini likasema “Aaa!” Ubaoni nilikuwa nimeshalieleza jambo hilo mpaka chaki ikaisha. Shida iliyobaki ilikuwa macho: kila mara mzee aliitazama lenzi. Tukabandika kipande cha karatasi ukutani, kushoto kwa kamera, tukamwomba akitazame hicho. Baadaye kwenye kompyuta tulichagua sekunde chache ambazo hapepesi, mdomo umefungwa, pua tu ndiyo inayopanda na kushuka kidogo.

Ugali na samaki tulirekodi kwa mama lishe, mvuke ungali unatoka. Jeneza tuliliomba kwa seremala wa kando ya barabara, na wawili kati ya vijana wangu walikataa katakata kulisogelea. Mwanamke wa Kuleshov wasichana wa darasa walimgomea, wakasema hawataki shoti ya msichana wa kutazamwatazamwa tu, na sikuwa na sababu ya kubishana nao. Badala yake tukamweka mtoto wa mama lishe akipiga danadana mpira wa makaratasi.

Tukawaonyesha mwaka wa kwanza, tukawagawia fomu. Mtu huyu anahisi nini? Wengi waliandika “kawaida”. Mmoja akaandika “usingizi”.

Ningeishia hapo. Ila kijana mmoja, mkazi wa Manzese, akasema jirani na kwao kuna kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, na mwenyewe wanafahamiana. Tukaenda Jumamosi. Mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi, feni inayozungusha joto lilelile, na televisheni imefungiwa juu ndani ya kizimba cha nondo. Watu walikuwa wanasubiri picha ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Pale Lufufu, yule msimulizi wa picha za kigeni kwa Kiswahili, hakuhitaji kutambulishwa: wamezoea sauti inayowaambia huyu ni nani na kwa nini analia. Yetu haikuwa na sauti yoyote.

Kwanza wakanyamaza. Ukatokea ugali, kisha uso wa mzee.

“Ana njaa huyo, mshahara haujatoka,” akasema mama mmoja mwenye sinia la karanga.

“Njaa wapi! Kagombana na mkewe, kasusa.”

Wakaanza kubishana, na kabla hawajamaliza likaja jeneza. Mtu akavuta pumzi kwa nguvu. Uso ukarudi, na kutoka benchi la nyuma sauti ikasema pole pole, “Mwanawe.” Hakuna aliyepinga. Mtoto wa danadana alipotokea, yule mama wa karanga akashika mdomo. “Si ndiye huyo aliyekufa? Anamkumbuka, baba wa watu!”

Vipande vitatu tulivyoviandaa kila kimoja kijitegemee, wao walikuwa wameshavishona kuwa hadithi moja, na ndani yake mna hata kumbukumbu ya marehemu. Wakaomba kirudishwe mwanzo. Mwenye kibanda akarudisha, na safari hii yule aliyetaja mke akarekebisha: mzee hakususa, chakula hakipiti.

Kwenye daladala ya kurudi ugomvi ukawa wetu. Msichana mmoja, mkali wa hoja kuliko wote darasani, alisema matokeo hayafai, kwa sababu wa nyuma walisikia ya wa mbele, na mama mmoja amewaambukiza wote.

“Sasa wewe uliwahi kwenda kibandani ukakaa peke yako?” yule kijana wa Manzese akamuuliza.

“Hilo si jibu.”

Na kweli halikuwa jibu. Konda akatuambia tupunguze kelele, tukapunguza kidogo tu.

Ripoti ya yule msichana ilikuwa na kurasa mbili za kupinga njia tuliyotumia, na nusu ukurasa wa maneno ya kibandani aliyoyanakili neno kwa neno kutoka kwenye simu yake. Nikampa A. Darasa lililofuata nililitolea nakala za kurasa zote, zile za kupinga na ile nusu, na fomu sikuzigawa tena.