Shangazi na Ophelia

Jana mwanangu aligoma kutoka kwenye beseni. Maji yameshapoa, midomo inamtetemeka, naye kashikilia kwamba hasikii baridi. Nikamkumbuka Shangazi, siku ile nilipompeleka Tate Britain, jumba la picha huko London.

Kiingilio bure, na hilo lilimfurahisha kuliko picha zenyewe. Alizipita mbiombio hadi tulipofika kwa Ophelia wa mchoraji John Everett Millais, yule binti wa tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare anayezama mtoni akiimba. Hapo akasimama.

Shangazi ameosha maiti za wanawake Tanga tangu sijazaliwa. Akainama, mikono nyuma, kama anayekagua samaki mnadani. Akatazama kiganja kilichofunguka juu ya maji, kisha cha pili, kidevu, midomo iliyoachana kidogo. Maua niliyojiandaa kumweleza hakuyajali. Kando yetu mama wa Kizungu alinong'ona jinsi kifo kilivyochorwa kikapendeza.

"Huyu hajafa," Shangazi akasema, kwa sauti ya uani. "Shingo ya maiti haikai hivi. Mtoto ana baridi huyu, anavumilia tu."

Nikamwambia ni kweli, kwenye hadithi bado anaimba.

"Sikuulizi hadithi. Nakuuliza huyu."

Huyu ni Elizabeth Siddal, binti wa duka la kofia. Mto na majani Millais alivichora kwanza, huko Surrey mwaka 1851. Binti akaja baadaye, msimu wa baridi, akalazwa kwenye bafu la maji na gauni kuukuu la pauni 4, taa za mafuta zikipasha maji kwa chini. Siku moja taa zikazimika. Mchoraji kazama kazini, hakuona, binti hakusema. Akaugua, na baba yake akadai pauni 50 za matibabu.

Nilimsimulia kwenye basi. Nilitaka anisaidie kuhuzunika: Siddal mwenyewe alichora na kuandika mashairi, akafa mwaka 1862 kwa laudanamu, dawa ya afyuni, akiwa na miaka 32. Nami miaka yote nilikuwa nikienda pale kumhurumia Ophelia, mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Shangazi alikuwa bado kwa yule baba.

"Akalipwa?"

"Millais aligharamia daktari, wakapatana."

"Sikuulizi daktari mie. Hizo hamsini!"

Nikamwambia yaliishia hapo. Akasonya, abiria wa mbele wakageuka.