Kabla ya kulipia alainimenti, chungulia boliti za nyuma

Tairi za nyuma zikiliwa upande wa ndani, au mkia ukijisogeza kando kila gari linapopita lami iliyobonyea Mombasa Road, wengi hukimbilia alainimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa kwa pembe za magurudumu. Karatasi inatoka kwenye mashine, mbele ni kijani, nyuma bado nyekundu, na kijana wa mashine anasema, "Hiyo ya nyuma imekataa, boss." Anachomaanisha ni kwamba boliti ya kurekebishia imeshikwa na kutu na hataki ikatikie mikononi mwake. Hana kosa. Kuilegeza ni kazi ya fundi, na inafanywa kabla ya kwenda kwenye mashine.

Hapa tunazungumzia Subaru Impreza WRX za 2000 hadi 2007 na Forester SG, ambazo nyuma kule chini zimepangwa kwa namna moja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo hata zile za mwisho za kizazi hicho zimekanyaga matuta yetu miaka mingi. Zilizotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, zilishuka Mombasa zikiwa na kutu tayari.

Kila upande una linki (mikono ya chuma inayoshika gurudumu) mbili zilizokingama, moja mbele ya nyingine, na linki moja ya urefu inayoelekea mbele ya gari. Boliti ni tano kila upande. Mbili ndizo zinazosumbua.

Ya kwanza ni boliti ya kamu, iliyoko upande wa ndani wa linki ya kukingama ya nyuma, pale inaposhika krosimemba, yaani chuma kinachokingama chini ya gari. Sahani yake imetobolewa kando badala ya katikati, kwa hiyo ukiizungusha linki inasukumwa nje au inavutwa ndani, na toini (kiasi ambacho magurudumu yanaelekeana ndani kwa mbele) inabadilika. Kabla ya kuigusa, chora mstari wa rangi kutoka kwenye sahani hadi krosimemba. Kisha shika kichwa cha boliti kisisogee na ufungue nati. Ukizungusha kichwa nati ikiwa imekaza, sahani inagonga kuta zinazoiongoza na kuzipinda, na toini haitakaa tena hata ukiweka boliti mpya.

Ya pili ni ile ndefu ya nje, inayopenya linki zote mbili pamoja na chuma kinachobeba beringi ya gurudumu. Hii hushikana na vibomba vya chuma vilivyo ndani ya bushi, zile mpira za kwenye ncha za linki. Kuijua ni rahisi: toa nati, weka soketi kichwani, zungusha. Kichwa kikizunguka kidogo halafu kikarudi chenyewe kama springi, boliti haijasogea. Ni mpira wa bushi unaojinyonga. Nyundo hapo haisaidii kitu. Itafanya ncha ya boliti ichanue kama uyoga, na itatikisa beringi ambayo haikuwa na shida.

Mafundi wengi hapo ndipo huwasha gesi ya kuchomea. Sisi tunapinga. Tangi la mafuta liko hapo karibu, mpira wa bushi unashika moto upesi, na waya wa sensa ya ABS umepita sentimita chache tu kutoka hapo. Paka mafuta ya kulainisha kutu jioni, rudia asubuhi, jaribu mara moja kwa bunduki ya upepo, na ikikataa ikate. Msumeno wa umeme wenye bledi ya chuma unaingia kwenye nafasi kati ya linki na chuma cha beringi. Kata mbele, kata nyuma, na linki zinaanguka zenyewe. Kipande kilichobaki katikati kinasukumwa kwa presi. Ndiyo maana boliti ndefu mpya mbili hununuliwa kabla gari halijapanda jeki, si baada ya kukata saa kumi na moja jioni wakati maduka ya Kirinyaga Road yanafunga.

Orodha ya kununua, basi: boliti ndefu 2, boliti za kamu 2 na sahani zake, nati mpya za kujifunga kwa kila boliti unayofungua, na ama bushi ama linki nzima. Linki za mitumba kutoka Grogan, soko la spea Nairobi, si akiba, maana mpira wake una umri sawa na huo unaoutoa. Linki za kurekebishika ni nzuri kwa anayetaka kugusa kemba pia, yaani jinsi gurudumu linavyoinama juu kuelekea ndani au nje. Ukirefusha zote mbili sawasawa, chini ya gurudumu inatoka nje na kemba inazidi kuwa hasi. Ukirefusha moja tu, unabadilisha toini. Ila zile zenye pilobolu (viungo vya chuma vya mviringo badala ya mpira) zitaanza kugonga mapema ukiishi upande wa barabara za murram. Kwa gari la kila siku, chukua za mpira.

Linki ya kukingama ya mbele ina ubishi wake: eksel, shafti inayozungusha gurudumu, inaziba njia ya boliti ya ndani, na mara nyingi lazima uichomoe kwenye difu (gia ya nyuma) kwanza. Weka beseni chini, oili itadondoka.

Bushi za mpira ziingize kwa maji ya sabuni. Grisi ya kawaida huufanya mpira uvimbe. Za poliyurethani zinataka grisi ya silikoni inayokuja nazo. Zikikaa kavu, zitalia kila tuta. Boliti mpya ipake grisi ya shaba mwilini, ila si kwenye nyuzi, kwa sababu nyuzi zenye grisi hudanganya spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Sasa kosa linaloharibu kazi nzima: kukaza boliti magurudumu yakining'inia. Kibomba cha ndani hubanwa kabisa boliti inapokazwa, kwa hiyo mpira hujifunga katika hali hiyo hiyo. Gari likishushwa, mpira unabaki umenyongwa, na baada ya muda mfupi umechanika. Kabla ya kuinua gari, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda juu ya tairi na uandike namba. Boliti zote zikishaingia, zikiwa bado legelege, inua chuma cha beringi kwa jeki hadi upate namba ile ile. Chunga gari lisinyanyuke kwenye stendi. Hapo ndipo unakaza, kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) za kitabu cha mwaka wa gari lako. Boliti hizi si za kukisia kwa mkono.

Kwenye alainimenti, dai mashine ya magurudumu manne na nyuma irekebishwe kwanza. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, na mbele ikitangulia, usukani utakaa umepinda kwenye barabara iliyonyooka. Toini ya nyuma kati ya 0 na milimita 2 kwa jumla inatosha barabarani. Toauti, magurudumu yakitazama nje kwa mbele, usiikubali hata kidogo; ndiyo inayofanya mkia utoroke ukibadili leni kwa kasi Thika Road.

Kamu ikikazwa, paka mstari mpya wa rangi kutoka nati hadi krosimemba. Baada ya kilomita 200 hivi lala chini uangalie: mstari ukiwa haujakatika, nati haijasogea.