Diski 412 na jina moja la ukoo

Mwezi ujao mimi na mume wangu tunahamia nyumba ndogo zaidi, hapa hapa Leicester, Uingereza, kwa kuwa watoto wamekwisha kujitegemea na ngazi zimeanza kutuumiza magoti. Kila kitu kimepata pa kwenda isipokuwa kabati la sebuleni lililojaa diski: CD za taarab na kaswida, VCD za harusi na maulidi, DVD za filamu za Bongo. Nilizihesabu zikafika 412. Kwa miaka mingi kila aliyerudi kutoka likizo alileta bahasha ya diski za Kariakoo pamoja na ubuyu na hina, na jioni tulikusanyika mbele ya televisheni tukisikia Kiswahili kikisemwa kwa sauti ya kwetu. Leo watoto hawana hata chombo cha kuzichezea, na mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema tu kwamba nyumba mpya haina kabati.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuzirudisha nyumbani. Nilimpigia mdogo wangu aliyeko Tanga, akaniuliza kwa upole, "Dada, nani ana deki siku hizi?" Watu wanatumia simu na flashi. Isitoshe, diski tupu ina uzito wa gramu 16 hivi, lakini zote zikitiwa ndani ya makasha yake ya plastiki mzigo unakaribia kilo 40, nami sikuona haki ya kulipia kilo 40 za vitu ambavyo ndugu zangu wangevitupa badala yangu.

Nilipoanza kuzichambua ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimekosea kuziona zote kuwa kitu kimoja. Diski ya kiwandani hugandamizwa, yaani muziki wake ni vishimo vidogo sana vilivyochapwa katika plastiki, na nakala nyingine kama hiyo zimetapakaa kwingine. Diski iliyochomwa kwenye kompyuta ya mpiga picha za harusi ni jambo lingine kabisa, kwa sababu kumbukumbu yake imeshikwa na tabaka la rangi ya kemikali linalodhoofika kwa mwanga na joto, na mara nyingi nakala zake ni mbili au tatu tu duniani. Ukiigeuza utaona upande wa chini una rangi ya kijani, buluu au zambarau, na juu yake kuna mwandiko wa kalamu ya wino. Nilizikuta 37 za namna hiyo, na kabati lenyewe lilikuwa limesimama kando ya rejeta ya kupashia nyumba joto miaka yote hiyo. Jambo hilo liliniuma.

Hizo za kiwandani uamuzi wake haukuwa mgumu. Sikuzinakili, kwa sababu hapa Uingereza ruhusa ya mtu kujinakilia muziki alioununua mwenyewe ilianza Oktoba 2014 na kubatilishwa na Mahakama Kuu Julai 2015, na mimi napenda kulala usingizi wangu vizuri. Taarab zote, zikiwemo za Culture Musical Club na Ikhwani Safaa, nimempa bibi mmoja wa Mombasa anayeishi mtaa wa pili, ambaye gari lake la zamani bado lina sehemu ya CD. Alizipokea kwa mikono miwili. Filamu zenye makasha yaliyochapishwa vizuri zilichukuliwa na duka la hisani. Zilizobaki ni zile nakala za wizi, filamu kumi na mbili katika diski moja, ambazo wasanii wetu hawakupata hata senti kwazo. Stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 zilikusudiwa kuzizuia hizo hizo, nasi tuliendelea kuzinunua kwa kuwa zilikuwa rahisi. Kuwapa wengine bidhaa ya wizi si sadaka, kwa hiyo nimezipeleka kwenye kituo cha taka cha mji, kwani pipa la kuchakata la nyumbani halizipokei.

Zile 37 ndizo zilizonichukua wiki tatu za usiku. Nilinunua kisomeo cha nje cha kuchomeka kwenye kompyuta. VCD nyingi hufunguka kirahisi: unaingia katika folda iitwayo MPEGAV, unakuta faili kubwa ya DAT, unaihamisha. Lakini VCD ya harusi ya dada yetu mkubwa, iliyofanyika Pangani mwaka 2004, iliganda kila ilipofika dakika ya 41. Niliifuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kwa sababu kuifuta kwa kuizungusha huweza kuacha mkwaruzo unaofuata njia ya kumbukumbu na kuiharibu zaidi. Kisha nikaiachia programu ambayo husoma sehemu mbovu tena na tena hadi ikubali.

Katika dakika hiyo, marehemu mjomba, Mwenyezi Mungu amrehemu, anasimama mbele ya wakwe kuutaja ukoo wetu. Mpiga picha anamlenga bwana harusi, kwa hiyo mjomba anaonekana bega moja tu na ukingo wa kofia yake ya viua, lakini sauti yake inasikika vizuri. Anataja wazee saba, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja anasema kaburi lake liko wapi, wengi wao Bweni, ng'ambo ya mto. Hakuna aliyeyaandika majina hayo. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa miaka ya 1970 tunayo leo kwa sababu Redio Tanzania Dar es Salaam iliutunza kwenye kanda, lakini mjomba hakuwa na redio ya kumtunza, alikuwa na diski hiyo tu.

Programu ilisoma usiku kucha. Asubuhi nilipata yote isipokuwa sekunde kama 20, na ndani ya sekunde hizo limo jina la mzee wa tano. Sita nimeyaandika kwenye daftari na kuwasomea watoto wangu kwa simu, kila mmoja kwa wakati wake.

Diski 37 sitazitupa hata baada ya kunakiliwa. Zimewekwa wima katika kisanduku cha viatu, mbali na rejeta, na faili zake ziko mahali pawili, kwangu na kwa mdogo wangu Tanga. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba mpiga picha alitoa seti mbili siku ile, na ya pili ilichukuliwa na upande wa shemeji, Muheza. Jumamosi anakwenda huko na flashi.