Ubaguzi chuoni: anzeni na hesabu, semina baadaye

Chuo kikuu kikikumbwa na kashfa ya ubaguzi dhidi ya watu weusi, jambo la kwanza huwa ni semina. Wahadhiri wanahudhuria, wanatia saini, na wiki inayofuata mambo yako vilevile. Semina haigusi fomu wala kanuni, na humo ubaguzi unaweza kukaa miaka bila mtu yeyote kutukanwa.

Chukua mfano wa figo. Kanuni ya mwaka 2009 ya kukadiria uwezo wa figo kuchuja damu, iliyotumika sana Marekani, ilihitaji kiwango cha kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu), umri na jinsia. Mgonjwa akiwa mweusi, jibu lilizidishwa kwa 1.159, eti kwa sababu watu weusi wana misuli mingi zaidi. Piga hesabu mwenyewe: 18 inakuwa 20.9, yaani figo zinaonekana nzima kuliko zilivyo. Na huko, mgonjwa ambaye bado hajaanza kusafishwa damu kwa mashine huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa jibu hilo likifika 20 au chini. Kwa hiyo watu wawili wenye vipimo vilevile, mmoja aliingia foleni, mwenzake aliambiwa arudi nyumbani. Mwaka 2021 jopo la National Kidney Foundation na American Society of Nephrology, mashirika ya Marekani yanayoshughulikia magonjwa ya figo, lilipendekeza kizidisho hicho kiondolewe. Mwaka 2023 hospitali zikatakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopunjwa. Kabla ya hapo wanafunzi wa udaktari walifundishwa kanuni hiyo kama sayansi ya kawaida. Haikuhitaji daktari mwenye chuki.

Nje ya darasa mambo hayatofautiani sana. Utafiti wa Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, uliochapishwa mwaka 2004, ulituma wasifu wa waombaji kazi wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Wenye majina yanayodhaniwa kuwa ya wazungu waliitwa kwa kiwango cha juu kwa takriban asilimia 50 kuliko wenye majina yanayodhaniwa kuwa ya weusi, ingawa sifa zililingana. Anayesema mwenye sifa atafika tu aanze kujibu hapo.

Kwa idara inayotaka kujipima, jedwali moja linatosha kuanzia: walioomba, walioitwa kwenye usaili, waliodahiliwa, walioingia mwaka wa pili, waliohitimu na kwa daraja gani. Kila hatua igawanywe kwa makundi, na asilimia ihesabiwe kutoka hatua iliyotangulia, la sivyo hutajua mfereji unavuja wapi. Idadi ikiwa ndogo, unganisheni miaka mitano. Msiwarundike wote wasio wazungu katika kundi moja, maana kundi linalofanya vizuri litafunika linaloumia. Tena linganisheni walioingia na alama sawa, kwa sababu lazima atatokea profesa wa kusema hawa walikuja dhaifu.

Kuficha majina kwenye mitihani ya maandishi ni rahisi, na inafaa. Kwenye tasnifu na mitihani ya mdomo haisaidii, msimamizi anamjua mtu wake. Huko vigezo viandikwe kabla, na wasahihishaji wawili waweke alama zao kwenye karatasi kabla ya kuzungumza. Wakizungumza kwanza, mwenye cheo kikubwa ndiye anayesahihisha peke yake.

Malalamiko ndiyo yanayoharibika zaidi. Mwanafunzi aandike siku hiyohiyo: tarehe, mahali, maneno kama yalivyotamkwa, waliokuwepo. Nakala ikae kwenye barua pepe yake binafsi, kwani ya chuo inaweza kufungwa. Aombe risiti ya maandishi yenye tarehe ya kupewa jibu. Upande wa chuo, shauri lisipelekwe kwa mtu anayeshika alama au ufadhili wa mlalamikaji, na abadilishiwe msimamizi mapema bila kupoteza muhula. Kuwakalisha mlalamikaji na mlalamikiwa chumba kimoja na kuita usuluhishi ni kumwambia mdogo anyamaze kwa adabu. Usiri nao hutumiwa vibaya: mlalamikaji haambiwi hata kwamba uchunguzi umefungwa.

Halafu kuna mhadhiri mweusi pekee wa idara, anayeingizwa kila kamati ya usawa huku wenzake wakichapisha makala. Akipangiwa kamati apunguziwe vipindi, na saa hizo zihesabiwe kwenye fomu ya kupandishwa cheo.